Pikipiki ya Mkataba, Laki Tatu na Nukta Iliyokataa Kukaa Kwenye Mstari

Ukitaka kuua stori kijiweni, taja hisabati. Aliyekuwa anacheka ataanza kuangalia simu, mwingine atakumbuka ghafla kuna mtu anamsubiri. Si ajabu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mwaka baada ya mwaka hisabati inakuwa miongoni mwa masomo yaliyoangusha wengi, na hata waliopona wanatoka na swali lilelile: hivi ile aljebra ya x na y ilishawahi kumsaidia nani mtaani?

Imemsaidia binti mmoja wa Mbagala. Ila kabla haijamsaidia alikuwa ameshaharibu, na mpaka leo kuna swali moja aliloulizwa na mchumba wake ambalo hana jibu lake.

Hesabu ya shule na hesabu ya bosi

Binti ana miaka 24. Mchana ni wakala wa miamala ya simu, kibanda chake kipo karibu na kituo cha daladala. Jioni, mara tatu kwa wiki, anakwenda tuisheni. Cheti chake cha kidato cha nne kina F ya hisabati na chuo anachokitaka kinadai angalau D, kwa hiyo anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchumba wake ana miaka 27, ni bodaboda. Wamepanga chumba na sebule, wanasubiri mambo yakae sawa wakajitambulishe kwa wazazi.

Mambo kukaa sawa maana yake ilikuwa pikipiki. Chombo cha jamaa kilikuwa cha mkataba. Kwa asiyejua, mkataba uko hivi: bosi ananunua pikipiki, dereva anaiendesha, na kila siku anampelekea bosi kiasi walichokubaliana. Pesa ikitimia, pikipiki inakuwa ya dereva. Mkataba wa jamaa ulikuwa milioni 3 na laki 6, msimbazi mmoja kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili ni ya kwake mwenyewe. Piga mwenyewe: siku 360 za malipo, yaani wiki 60. Mwaka na miezi kidogo, chombo chako.

Sasa hiyo buku kumi ya kila siku, mabodaboda hawaiiti rejesho wala kodi. Wanaiita hesabu. "Nimeshapeleka hesabu." "Leo mvua, hesabu haijatimia." Kwa hiyo ndani ya vile vyumba viwili kulikuwa na watu wawili wanaohangaika na hesabu, kila mmoja na yake, na hakuna aliyedhani kwamba ni kitu kimoja.

Nukta haitazamwi, inaulizwa

Tuisheni walikuwa wamefika kwenye mistari mnyoofu na milinganyo yake. Hii kitu ina historia ndefu. Mwaka 1637 Mfaransa mmoja, René Descartes, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba michoro ya jometri inaweza kuandikwa kama milinganyo ya aljebra. Ndiyo maana leo mstari una sura mbili: ule unaouchora kwa rula, na ule unaouandika kwa herufi na namba. Ni mstari uleule.

Swali la siku hiyo lilikuwa fupi. Mstari ni y = 2x + 3. Je, nukta (4, 11) imo kwenye mstari huo?

Wengi walikimbilia karatasi ya grafu. Mwalimu akawazuia. "Nukta msiitazame, iulizeni. Chukua namba ya kwanza, iweke mahali pa x. Mbili mara nne ni nane, ongeza tatu, kumi na moja. Namba ya pili uliyopewa ni ngapi? Kumi na moja. Basi imo."

Kisha akawapa (5, 12). Mbili mara tano ni kumi, ongeza tatu, kumi na tatu. Mstari unataka 13, nukta imeleta 12. Haimo. Kijana mmoja wa nyuma akabisha, maana yeye alikuwa ameshaichora na kwenye grafu yake mstari umepita palepale. Mwalimu akamwambia penseli yake ni nene. Mchoro wa mkono unasamehe, mlinganyo hausamehi. Ukikosea kwa moja uko nje, na ukikosea kwa elfu uko nje vilevile.

Akawatajia na mitego miwili. Wa kwanza, usigeuze namba. Ya kwanza ni ya x, ya pili ni ya y. Ukiichukua (4, 11) ukaisoma (11, 4), utapata 25 pale unapotafuta 4, na utaisingizia nukta ambayo haina kosa. Wa pili, mlinganyo hauji siku zote na y peke yake upande mmoja. Unaweza kuja kama 3x + 2y = 12. Usiogope, ingiza namba zote mbili. Nukta (2, 3) inakupa sita jumlisha sita, kumi na mbili. Imo.

Na kama hukupewa mlinganyo kabisa? Hapo unahitaji nukta tatu au zaidi. Mbili hazithibitishi kitu, maana nukta mbili zozote duniani rula inaweza kuziunganisha. Ya tatu ndiyo mtihani. Unaangalia kutoka ya kwanza kwenda ya pili, y imepanda au imeshuka kiasi gani kwa kila hatua moja ya x. Halafu unaangalia kutoka ya pili kwenda ya tatu. Kasi ikiwa ileile, zimekaa mstari mmoja. Ikibadilika, mstari umepinda.

Binti aliandika yote hayo kwenye daftari lake kwa kalamu ya bluu. Wiki haikuisha.

Bosi karudi na maneno

Bosi mwenye pikipiki alikuwa amesafiri kwa wiki kumi, mambo ya mashamba huko Songea. Nyuma alimwachia mpwa wake kazi ya kukusanya hesabu. Aliporudi akashika daftari la mkataba, akampigia jamaa simu: deni lako limebaki milioni 1 na laki 8, uko nyuma. Ndani ya wiki moja ulete kilichopungua, la sivyo pikipiki inarudi.

Jamaa akaapa hajakosa hata siku moja. Akarudi nyumbani amevurugwa, akamsimulia mchumba wake, akamwonyesha na picha za kurasa za daftari kwenye simu. Binti, kichwani bado ana mambo ya tuisheni, akachukua kalkuleta.

Deni lililobaki liwe y, siku ziwe x. Mkataba ulianza na 3,600,000 na kila siku unashuka 10,000. Basi:

y = 3,600,000 − 10,000x

Akahesabu siku kwenye kalenda tangu mkataba uanze. Zilikuwa 245. Akaziingiza, mlinganyo ukampa 1,150,000. Bosi anasema 1,800,000. Tofauti ni laki sita na nusu.

Ilikuwa hesabu safi yenye x mbovu. Alihesabu na Jumapili, na Jumapili haina hesabu. Jamaa ndiye aliyemkumbusha. Siku 245 ni wiki 35, na kila wiki ina siku sita za malipo, kwa hiyo x ni 210. Akaingiza upya, ikatoka 1,500,000. Sasa tofauti imeshuka mpaka laki tatu kamili. Imepungua, lakini ipo. Nukta ya bosi, siku 210 na deni 1,800,000, haikukaa kwenye mstari wa mkataba.

Hapo ndipo binti alipofunga daftari mapema mno.

Maana alikuwa na la moyoni siku nyingi. Zamani jamaa alikuwa akipita kibandani kwake kila jioni, anaweka hesabu ya siku kwenye simu na kumtumia bosi hapohapo, mbele ya macho yake. Kama miezi miwili na nusu hivi akaacha kupita. Alipoulizwa alisema siku hizi anatoa keshi mkononi. Binti alinyamaza, lakini mwanamke akinyamaza haina maana amesahau. Sasa namba zimekuja zenyewe: laki tatu haipo, na mwanaume ameacha kupitisha pesa mahali anapoonekana. Akaunganisha nukta mbili, akapata mstari, na mstari ukamwongoza moja kwa moja kwa mwanamke mwingine.

"Laki tatu yote hiyo umeihonga wapi?"

Jamaa alijitetea mara mbili. Mara ya tatu alichukua begi, akaenda kulala kwa kaka yake Temeke.

Mstari wa pili

Usiku wa pili binti hakupata usingizi. Akafungua zile picha tena, safari hii kurasa zote. Utaratibu wao ulikuwa kila baada ya wiki tano wanafunga ukurasa, yaani kila siku 30 za hesabu. Deni lililobaki linaandikwa, pande zote mbili zinasaini. Akayapanga:

Siku ya 30: 3,300,000
Siku ya 60: 3,000,000
Siku ya 90: 2,700,000
Siku ya 120: 2,400,000
Siku ya 150: 2,100,000
Siku ya 180: 1,950,000
Siku ya 210: 1,800,000

Akaziuliza moja moja. Ya 30 imo. Ya 60 imo. Ya 90, ya 120, ya 150, zote zimo, hakuna hata shilingi iliyopotea. Ya 180 ilitakiwa iwe 1,800,000, ipo 1,950,000. Haimo. Ya 210 haimo.

Kwa hiyo miezi yote ya mwanzo jamaa alikuwa mnyoofu kama rula. Kitu kilitokea baada ya siku ya 150.

Kisha akafanya alichosahau kukifanya siku ya kwanza. Akazitazama zile nukta mbili mbovu pamoja na ile ya mwisho nzuri, tatu kwa mpigo. Kutoka siku ya 150 mpaka 180, deni limeshuka 150,000 kwa siku 30. Hiyo ni 5,000 kwa siku. Kutoka 180 mpaka 210, limeshuka tena 150,000 kwa siku 30. Ni 5,000 kwa siku tena. Akaandika mlinganyo mpya:

y = 2,850,000 − 5,000x

Akajaribu. Siku ya 150 ikatoa 2,100,000. Siku ya 180 ikatoa 1,950,000. Siku ya 210 ikatoa 1,800,000. Zote tatu zimo. Nukta zilizokataa mstari wa kwanza zilikuwa zimekaa kwenye mstari wake mwingine, zimenyooka vizuri tu.

Hapo akili ikaanza kufanya kazi. Mtu anayechota pesa ya starehe hachoti kwa rula. Leo atachota buku mbili, kesho ishirini, Jumamosi atamaliza zote, Jumatatu atajuta na kurudisha. Namba zake zingerukaruka. Hizi haziruki. Kwa wastani nusu ya msimbazi, ukurasa wa kwanza na wa pili sawasawa. Huo ni utaratibu, na utaratibu una mwenyewe.

Akapiga na hesabu ya mbele. Kwa mstari wa zamani, deni lingeisha siku ya 360. Kwa mstari mpya lingeisha siku ya 570. Siku 210 zaidi, wiki 35, muda uleule ambao jamaa alikuwa ameshautumikia tayari. Yaani alikuwa anarudishwa mwanzo wa safari bila kujua, na kila alipofungua daftari aliona deni linashuka, akasaini. Mtu mwenye deni anaangalia kama linashuka. Linashuka kwa kasi gani, huyo ni mmoja kati ya wengi anayeuliza.

Lakini binti alikuwa ameshaungua mara moja, hakutaka kuungua tena. Mstari wa pili ulimwambia kuna nusu inayopotea kila siku. Haukumwambia inapotelea mkono gani. Inawezekana jamaa alikuwa anapeleka buku tano. Inawezekana anapeleka kumi, inaandikwa tano. Namba zote mbili zinatoa mstari uleule.

Akarudi kwenye kalenda. Siku ya 150 ni mwisho wa wiki ya 25. Wiki ya 26 ndiyo bosi aliyoondoka. Ndiyo pia wiki ambayo mpwa alianza kusema, "Nipe keshi kaka, nikienda kutoa kwenye simu makato yanauma." Kumbe ndiyo sababu jamaa aliacha kupita kibandani. Na keshi haina meseji.

Daftari za wenzake

Asubuhi binti hakumpigia mchumba wake. Alikwenda kijiweni. Pale kulikuwa na vijana wengine wawili wanaoendesha pikipiki za bosi huyohuyo kwa mkataba wa aina hiyohiyo. Akawaomba waangalie daftari zao.

Mmoja alianza mkataba wiki nane kabla ya jamaa. Mwingine alianza wiki kumi baada yake. Kwa hiyo kwa wa kwanza, safari ya bosi iliangukia siku ya 198 ya hesabu. Kwa wa pili, siku ya 90. Ukizichora grafu zao, kila mstari unapinda mahali pake na hazifanani hata kidogo. Ukizirudisha kwenye kalenda, zote zinapinda wiki moja. Kabla ya hapo kila mmoja anashuka kumi kwa siku, baada ya hapo tano.

Mmoja wao alikaa chini kwenye kiti cha pikipiki, hakusema kitu kwa dakika nzima. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba chombo kitakuwa chake kabla ya mwaka kuisha.

Jioni walikaa kikao: bosi, mpwa, mabodaboda watatu, mwenyekiti wa kijiwe, na kaka wa jamaa. Bosi alianza kwa ukali. "Mmesaini wenyewe. Saini ya nani hii?" Ni kweli walikuwa wamesaini, na hilo halikuwa jambo dogo. Mpwa akasema hali ilikuwa ngumu, vijana walikuwa wanaleta nusu naye akawaonea huruma. Binti akaomba ruhusa kwa heshima. "Shikamoo mzee. Naomba uangalie tarehe tu." Akaweka daftari tatu mezani, kila moja ameiwekea alama ya wino mwekundu pale inapopinda.

Mzee aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mpwa wake. "Hali ilikuwa ngumu kwa wote watatu, wiki niliyopanda basi, wote kwa buku tano, na hakuna aliyenipigia simu kulia shida?"

Mpwa hakujibu. Madeni ya vijana watatu yakarudishwa kwenye mstari wa mkataba. Mpwa na mjomba wake walimalizana wenyewe kifamilia. Na tangu siku hiyo hesabu inatumwa kwa simu, makato yaume yasiume.

Swali lililobaki

Jamaa alirudi nyumbani. Hakuwa na hasira, hicho ndicho kilichomtisha binti. Alikula, akanawa, akamshukuru kwa kumwokolea pikipiki. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nukta ilikuwa nje ya mstari, sawa, nimeelewa. Lakini mbona ulianza na mimi?"

Angeweza kuanza na kalenda, na mpwa, na bosi, au na makosa ya kuandika tu. Alianza na mtu anayelala naye kitanda kimoja, kwa sababu wivu ulikuwa umeshaandika jibu, hesabu ikaitwa kuja kulipigia muhuri. Wapo pamoja mpaka leo. Pikipiki imebakiza wiki chache. Jibu hana.

Ukitoa mapenzi, funzo la darasani linabaki jepesi. Andika mstari unaotakiwa. Hakikisha x yako ni x ya kweli, Jumapili isiingie kwenye siku za kazi. Ingiza namba, linganisha. Ikikataa, usiishie hapo, tafuta nukta nyingine uone kama zilizokataa zina mstari wao. Na jina la mtu lije mwisho kabisa.

Haya, jaribu na hii. Dada mmoja kachukua simu ya kulipia kidogo kidogo. Baada ya kianzio, deni ni 270,000, analipa 1,500 kila siku, Jumapili ikiwemo. Siku ya 60 meseji inasema limebaki 180,000. Siku ya 80 limebaki 150,000. Siku ya 100 limebaki 135,000. Ipi imo kwenye mstari, ipi haimo? Na kabla hujamtaja mtu yeyote, swali lako la kwanza ni lipi?